Habari za Mistari: Historia Fupi kwa Mnunuzi wa Televisheni

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Mimi nilipata kuwa mjinga mjini kwa kutouliza, ingawa kazi yangu ni kufundisha. Na kwa kuwa hasara ya ujinga huo ilimwangukia mtu asiye na hatia, napenda kuianza insha hii kwa kuungama.

Mama yangu mzazi aliuza magunia yake ya mahindi, akanikabidhi fedha, akasema, "Mwanangu, wewe ndiwe uliyesoma. Nenda mjini ukaninunulie televisheni, nipate kusikiliza habari na kuziona jioni nikiisha kazi." Nikaenda. Dukani nilionyeshwa televisheni mbili za inchi 32, zilizofanana kama shilingi kwa ya pili. Moja ilikuwa na kioo cha mistari 768, na nyingine kilikuwa cha mistari 1080, na bei yake ilikuwa kubwa zaidi. Sikuuliza maana ya mistari hiyo. Niliona haya kumpelekea mama yangu namba ndogo ilhali kubwa ipo, nikatoa fedha zote nikachukua ile ya ghali.

Tulipoiwasha nyumbani, kioo kilibaki cheusi. Ndani yake hamkuwa na kipokezi cha mawimbi yanayotumika katika nchi yetu, na fedha za kununulia king'amuzi na antena hazikubaki. Kwa muda wa miezi miwili, mpaka nilipopata mshahara wa kutosha, televisheni ile ilikaa juu ya meza imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mama hakunilaumu. Siku moja tu, alipokuwa akiipangusa vumbi, alisema kwa upole, "Mwanangu, kioo cha kujitazamia nilikuwa nacho tayari."

Msomaji kijana, huenda siku moja nawe utatumwa na mzazi wako, au chama chako cha shule, au moyo wako mwenyewe, kwenda kununua chombo hiki. Nataka uende na elimu niliyoikosa mimi. Elimu hiyo imo katika historia, maana zile namba zilizoandikwa juu ya sanduku la televisheni hazikushuka kutoka mbinguni; kila moja ina mwaka wake, mahali pake na watu wake.

Yafaa tuanze shambani. Mwaka 1921, katika jimbo la Idaho nchini Marekani, mvulana wa umri wa miaka 14 aitwaye Philo Farnsworth alikuwa akilima shamba kwa farasi. Alitazama mistari sambamba iliyoachwa na jembe, akawaza hivi: kama shamba zima hulimwa mstari mmoja baada ya mwingine, kwa nini picha nayo isigawanywe katika mistari, ikapelekwa mbali kwa umeme, kisha ikaunganishwa tena huko iendako? Alipokuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari alimchorea mwalimu wake wa kemia, Justin Tolman, jinsi chombo hicho kingeweza kufanya kazi. Miaka mingi baadaye, palipotokea mashindano ya kisheria juu ya nani aliyetangulia kuvumbua, ushahidi wa mwalimu huyo ulimfaa sana mwanafunzi wake. Tarehe 7 Septemba 1927, mjini San Francisco, Farnsworth alifaulu kupeleka kwa njia ya umeme picha yake ya kwanza. Nayo ilikuwa picha ya nini? Ilikuwa picha ya mstari mmoja tu.

Wakati huo huo, nchini Uingereza, Mskochi mmoja aitwaye John Logie Baird alikuwa akifuata njia nyingine. Baird alikuwa mtu wa afya dhaifu na fedha chache, na mtambo wake wa kwanza aliuunga kwa vitu vya kuokoteza: sanduku la majani ya chai, kasha la kofia, sindano za kutilia viraka, na vioo vya taa za baiskeli. Picha yake aliikata kwa sahani lenye matundu lililozunguka kwa kasi. Tarehe 26 Januari 1926, katika chumba kidogo mtaani Soho, London, aliwaonyesha wataalamu picha ya uso wa mtu aliye hai. Picha hiyo ilikuwa na mistari 30 tu. Chukua karatasi, uigawanye katika mistari 30, kisha jaribu kuuchora uso wa rafiki yako kwa kutia giza na mwanga ndani ya mistari hiyo. Utaona pua na mdomo, lakini hutaona ukope wala kovu. Hapo ndipo utakapofahamu kwamba mistari ikiwa mingi na myembamba, habari ndogo ndogo za picha huonekana. Ikiwa michache na minene, hupotea.

Sasa twafika kwenye jambo lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza. Mwaka 1935 kamati iliyowekwa na serikali ya Uingereza ilitoa taarifa juu ya televisheni, ikapendekeza kwamba utangazaji wa watu wote uwe wa ubora wa juu wa picha. Na ubora huo wa juu ulikuwa nini? Ulikuwa mistari isiyopungua 240! Tarehe 2 Novemba 1936, BBC ilianza kutangaza kutoka Alexandra Palace, London, kwa mitambo miwili iliyopokezana: ule wa Baird wenye mistari 240, na ule wa kampuni ya Marconi-EMI wenye mistari 405. Haukupita muda mrefu kabla ya ubora kujitenga na upungufu, na mapema mwaka 1937 mtambo wa Baird uliwekwa kando. Hivyo mtu aliyetangulia kuuonyesha ulimwengu ajabu hii alishindwa na waliokuja nyuma yake.

Tazama basi, msomaji: maneno "ubora wa juu" yaliyobandikwa kwenye televisheni za siku hizi kana kwamba ni ya jana yalikuwako kabla ya babu zetu wengi kuzaliwa. Maneno hayo ni kama jina "mpya". Kila kizazi hulitumia, na kila kizazi hulikuta limechakaa. Anayenunua jina hununua kivuli. Yapasa kuuliza mistari ni mingapi, na itamfaa nani.

Baada ya hapo kila nchi kubwa ilichagua hesabu yake. Marekani mwaka 1941 ilikubali mistari 525. Ufaransa baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilijitwalia mistari 819, ikajivunia picha iliyoipita ya jirani zake wote. Lakini mfumo huo nao ulifikia mwisho wake katika miaka ya 1980. Nchi nyingi za Ulaya zilichukua mistari 625, na Uingereza nayo ikaufuata mfumo huo ilipofungua idhaa yake ya BBC2 mwaka 1964.

Kwetu Kenya televisheni ilianza mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Kituo cha kwanza cha kurushia mawimbi kiliwekwa katika nyumba ya shambani huko Limuru, na mawimbi yake hayakufika mbali. Mwaka 1964 shirika la utangazaji lilitwaliwa na serikali likaitwa Sauti ya Kenya. Mwaka 1970 Mombasa ikapata kituo chake, na mwaka 1978 rangi zikaanza kuonekana. Mfumo uliotumika nchini kwa miaka mingi ulikuwa wa mistari 625, na kati ya hiyo ni 576 tu iliyobeba picha yenyewe; iliyosalia ilikuwa na kazi nyingine za mtambo. Basi ile televisheni nene ya kioo cha mbinuko, ambayo wazazi wetu waliitazama kwa jirani huku wamejazana mlangoni, ilikuwa na mistari 576 ya kuonekana. Namba hiyo uikumbuke, maana tutairudia.

Mapinduzi yaliyofuata yalitoka Japani. Mwaka 1964, mwaka wa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, wataalamu wa shirika la utangazaji la NHK walianza kutafuta picha pana zaidi na yenye mistari mingi zaidi. Walifikia mistari 1125, na mwaka 1989 wakaanza matangazo ya majaribio ya kila siku kwa setilaiti. Lakini mfumo wao ulikuwa bado wa analojia, na mawimbi yaliyohitajika yalikuwa mengi mno. Wamarekani walipoketi kuchagua mfumo wao, hesabu za kompyuta zilikuwa zimekwisha kukomaa, wakaamua picha ipelekwe kwa tarakimu, yaani kwa dijitali. Mfumo huo uliidhinishwa mwezi Desemba 1996. Tarehe 29 Oktoba 1998, John Glenn alipopaa kwenda angani akiwa na umri wa miaka 77, safari yake ilitangazwa kwa picha hiyo mpya. Huyu ndiye yule yule aliyekuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia angani mwaka 1962, mwaka ule ule televisheni ilipoingia Kenya.

Katika mapatano ya wakati huo ndimo zilimotoka namba mbili zinazowasumbua wanunuzi mpaka leo: 720 na 1080. Picha ya mistari 720 ina nukta 1,280 katika kila mstari, yaani nukta 921,600 kwa jumla. Picha ya mistari 1080 ina nukta 1,920 katika kila mstari, yaani nukta 2,073,600. Pengine utakuta herufi mbele ya namba. Herufi "p" maana yake ni kwamba mistari yote huchorwa kwa mfululizo. Herufi "i" maana yake ni kwamba huchorwa mmoja na kurukwa mmoja, kisha ile iliyorukwa huchorwa kwa zamu ya pili. Mkulima anaweza kulima shamba lake kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, lakini mbio za mpira hupendeza zaidi katika shamba lililolimwa kwa mfululizo.

Mwaka 2006 mataifa yalikutana Geneva, yakakubaliana kwamba nchi nyingi za Ulaya na Afrika ziache utangazaji wa analojia kufikia tarehe 17 Juni 2015. Kenya ilizindua utangazaji wa dijitali mwezi Desemba 2009. Kuhama kwenyewe hakukuwa kwa amani. Palikuwa na kesi mahakamani, na mwezi Februari 2015 mitambo ya analojia ilipozimwa, vituo vikubwa vya watu binafsi vilitoweka kwa majuma kadhaa kabla ya kurudi mwezi Machi. Tangu hapo televisheni ya kale haiwezi kupokea matangazo ya mawimbi ya ardhini bila msaada wa king'amuzi. Na televisheni mpya haiwezi vilevile, isipokuwa ina kipokezi cha mfumo uliochaguliwa na nchi yetu, ambao alama yake ni DVB-T2. Herufi hizo chache ndizo zilizomkosesha mama yangu habari kwa miezi miwili. Mimi nilizisoma namba zote zilizoandikwa kwa maandishi makubwa. Zile herufi ndogo zilizokuwa na faida sikuzitafuta.

Sasa na tuitumie historia hii dukani. Twatafuta televisheni ya ukubwa wa wastani, yenye picha safi, na bei isiyomfukarisha mtu. Swali la kwanza si "Bei gani?" Swali la kwanza huulizwa nyumbani, nalo ni hili: "Mtazamaji ataketi wapi?" Chukua kamba, pima kutoka kiti mpaka ukuta itakapowekwa televisheni, uandike hesabu hiyo kwenye karatasi.

Swali la pili ni juu ya inchi. Inchi za televisheni hupimwa kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya pili iliyo mkabala nayo kwa mshazari, si kwa upana. Televisheni za zamani zilikuwa na umbo la 4 kwa 3. Za sasa zina umbo la 16 kwa 9. Ukitumia kanuni ya Pythagoras uliyofundishwa darasani, utaona kwamba kioo kipya cha inchi 26 kina kimo cha sentimita 32 hivi, sawasawa na kimo cha kioo cha zamani cha inchi 21. Basi anayeacha televisheni ya kale ya inchi 21 na kununua mpya ya inchi 21 atapata picha fupi kuliko aliyokuwa nayo, naye hatajua kwa nini. Televisheni ya inchi 32 ina kimo cha karibu sentimita 40, na ya inchi 43 ina kimo cha karibu sentimita 54. Hizo mbili ndizo za wastani kwa nyumba nyingi.

Swali la tatu, ambalo ndilo kiini cha maneno yangu, ni juu ya mistari na jicho. Jicho zima la mwanadamu lina mpaka wake. Haliwezi kutenganisha vitu viwili ikiwa pembe iliyo kati yake ni ndogo kuliko sehemu moja katika 60 ya digrii. Kwa hesabu hiyo, mistari 1080 huonekana yote kwa faida ikiwa mtazamaji yu karibu kiasi cha mara 3.2 ya kimo cha picha. Mistari 720 huonekana yote akiwa karibu kiasi cha mara 4.8. Akirudi nyuma zaidi, mistari huanza kuungana machoni mwake, na fedha aliyoitoa kwa ajili ya wingi wa mistari hiyo imekwenda bure.

Hebu tupime kwa mfano. Kioo cha inchi 32 kina kimo cha sentimita 40. Mara 3.2 ni mita 1.3, na mara 4.8 ni mita 1.9. Mama yangu huketi mita 2.5 kutoka ukutani. Kwa macho yake, na hata kwa macho ya kijana, zile televisheni mbili za dukani zingeonyesha picha zisizotofautiana kwa mistari yake. Nilinunua mistari asiyoweza kuiona, nikakosa fedha za antena ambayo angeiona faida yake kila jioni. Lakini usije ukasema kwamba namba kubwa haina maana kabisa. Anayeketi mita 1.7 kutoka kioo cha inchi 43 ataiona mistari 1080 yote, na kwake namba hiyo yastahili bei yake. Ama zile televisheni za mistari 2160, zenye nukta 8,294,400, mtu mwenye kioo cha inchi 43 hana budi kusogea karibu ya mita moja ili aifaidi mistari yote hiyo. Na mtu wa namna hiyo huwazuia wenziwe kuona.

Nawe ujihadhari na maneno mawili yanayofanana. Televisheni nyingine huandikwa kwamba "hupokea" mistari 1080, kumbe kioo chake chenyewe kina mistari 768. Hupokea picha kubwa kisha huipunguza, kama mtu anayepokea debe la maji ndani ya ndoo ndogo. Hilo si kosa ikiwa bei ni ndogo na mtazamaji yu mbali, lakini ni hadaa ikiwa umelipia debe. Uliza, "Kioo chenyewe kina nukta ngapi?" Na ukumbuke ile namba 576. Kituo kikituma picha ya mistari 576, televisheni ya mistari 1080 itainyoosha tu ijaze kioo. Haiwezi kukuletea ukope ambao kamera haikuutuma.

Yaliyosalia ni ya uangalifu wa kawaida. Tafuta ile alama ya DVB-T2. Hesabu matundu ya kuchomekea nyaya, usije ukawa na king'amuzi na chombo cha video ilhali tundu ni moja. Soma wati, hasa ikiwa nyumba hutumia umeme wa jua. Omba televisheni iwashwe mbele yako, uitazame ukiwa umesimama mbele na ukiwa umesimama kando, maana vioo vingine hufifia vikitazamwa upande, na wageni wa nyumbani hawaketi wote katikati. Sikiliza sauti yake, kwa kuwa televisheni nyembamba huwa na vipaza sauti vidogo. Pokea hati ya dhamana iliyotiwa tarehe na mhuri. Mwisho, katika fedha ulizo nazo, tenga kwanza ya antena na nyaya, kisha ndipo uchague televisheni kwa zilizobaki. Usifanye kinyume chake kama nilivyofanya mimi.

Mwaka uliofuata jirani yetu alimtuma mwanawe kununua televisheni, na mama yangu akamwambia, "Mpitie mwalimu kwanza." Niliona haya, lakini nilikwenda na kamba. Tulipima chumba, tukapiga hesabu juu ya mgongo wa daftari, na kijana akarudi jioni na televisheni ya inchi 32 ya mistari 768, antena, na chenji mkononi. Picha ilipotokea, mama yangu alikuwa miongoni mwa waliokuja kuitazama. Alinitazama mimi kwanza, akatabasamu, kisha akavuta kiti.

Msomaji wangu, Farnsworth aliiona mistari shambani akaielewa. Mimi niliiona dukani nisiielewe, ingawa nilikuwa na shahada mfukoni. Ukitumwa, chukua kamba yako, na uulize kila namba ilikotoka kabla ya kuilipia.